Taa ya Pikipiki Inayozima na Kurudi: Mwongozo Kamili wa Kuitafuta Hitilafu

Mwendeshaji wa bodaboda anayefika kwa fundi pale Kondele, mtaani Kisumu, asubuhi, akilalamika kwamba taa yake ya mbele ilizima mara nne usiku uliopita, mara nyingi huuziwa balbu mpya. Taa huwaka palepale, kila mtu huridhika, na siku tatu baadaye, kwenye mashimo ya njia za mashamba ya miwa kuelekea Kibos, huzima tena. Nimewahi kuletewa pikipiki iliyobadilishiwa balbu tatu, fyuzi na betri katika muda wa mwezi mmoja, ilhali tatizo lilikuwa waya mmoja uliobanwa na kishikio cha mwavuli kwenye usukani.

Wengi hukwama mahali pamoja: hubadilisha kitu kabla ya kuiona hitilafu ikitokea. Taa iliyokufa kabisa hujieleza yenyewe, kwa kuwa unaweza kuipima wakati wowote. Taa inayozima na kurudi hukudanganya kila mara inapokuwa imewaka, na kule kuigusagusa tu wakati wa kubadilisha balbu hutosha kuirudisha kwa siku kadhaa. Kwa hiyo, usikate waya wala usinunue kifaa chochote mpaka utakapoweza kuizimisha taa hiyo kwa mkono wako mwenyewe, pikipiki ikiwa imesimama.

Maelezo yanayofuata yanahusu pikipiki za kawaida za volti 12, zile za Boxer, TVS na Honda zinazobeba abiria na mizigo kutoka Kisumu hadi Nakuru.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

- Mita ya kidijitali inayopima volti za DC (umeme unaoenda upande mmoja, kama wa betri) na za AC (umeme unaogeuka mwelekeo kila mara). Ya bei nafuu inatosha.
- Taa ya majaribio: balbu ya indiketa ya wati 10 katika soketi yake, yenye nyaya mbili za urefu wa mita moja kila mmoja.
- Waya wa kuruka, yaani wa kuunganisha kwa muda sehemu mbili ili kukwepa sehemu unayoishuku, wa urefu wa mita moja na nusu, wenye vibanio pande zote mbili na fyuzi ndogo katikati.
- Spana, bisibisi, koleo, msasa laini na mswaki mkuukuu.
- Dawa ya kusafishia viungo vya umeme, vaselini, tepu ya umeme, na waya mpya wenye unene sawa na ule wa pikipiki.
- Fyuzi za akiba zenye kiwango kilekile kilichoandikwa kwenye kibebeo chake.
- Chupa ya kunyunyizia maji, chaki na karatasi ya kuandikia.

Taa ya majaribio huonekana kama mzaha kando ya mita, ila katika kazi hii ndiyo chombo muhimu zaidi. Mita huvuta umeme kidogo mno, kiasi kwamba waya uliobaki na uzi mmoja tu wa shaba bado utaonyesha volti 12 kamili. Balbu ya mbele ya wati 35 huvuta karibu ampea 3, na uzi huo mmoja huenda ushindwe kuzipitisha vizuri. Ndiyo maana fundi mwenye mita peke yake hutangaza kwamba umeme upo huku mwenye pikipiki akitazama taa iliyozima. Pima kila mara taa ikiwa imewashwa, au tumia taa ya majaribio inayovuta umeme wa kweli.

Onyo: pikipiki za mtaani hubadilishwa nyaya mara nyingi, hivyo usiamini rangi. Kwenye Honda waya wa kijani kibichi kwa kawaida ndio hasi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye betri, lakini kama fundi aliyekutangulia alikuwa na waya mwekundu pekee siku hiyo, wa kijani unaweza kuishia popote.

## Hatua ya 1: Andika hitilafu hutokea lini

Kaa na mwendeshaji dakika tano kabla ya kushika spana. Muulize ni taa ipi inayozima, ni wakati gani, na ni kitu gani kingine kinachozima pamoja nayo. Majibu yake hupunguza kazi kwa nusu.

Taa moja ikizima peke yake huku nyingine zikiendelea, tafuta kwenye balbu yake, soketi yake na nyaya zinazoihudumia hiyo tu. Taa, honi na indiketa zikizima pamoja, tafuta mahali zinapochangia njia: fyuzi kuu, swichi ya ufunguo, vichwa vya betri au waya mkuu wa hasi. Ikizima usukani unapokatwa, nenda moja kwa moja kwenye shingo ya usukani. Ikizima wakati wa mvua pekee, na Kisumu mvua ya alasiri huja kwa kishindo, kuna konekta (kiungo cha plastiki kinachounganisha nyaya) inayoingiza maji.

Kuna dalili moja ambayo watu huiona kama uchawi: ukikanyaga breki, taa ndogo ya nyuma huzima au indiketa huanza kupepesa hafifu. Balbu ya nyuma ya wati 21 na 5 ina nyuzi mbili zinazotumia njia moja ya kurudisha umeme. Njia hiyo ikikatika, umeme wa breki hutafuta njia nyingine kupitia uzi wa pili na kuingia kwenye taa ambazo hukuziwasha. Dalili hiyo humaanisha hasi mbovu upande wa nyuma karibu kila mara, kwa hiyo ruka hadi hatua ya 5.

Tambua pia taa ya mbele hupata umeme wapi. Fungua ufunguo bila kuwasha injini, kisha washa taa. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa ya mbele hulishwa moja kwa moja na koili za magneto, jenereta ndogo inayozungushwa na injini, kwa umeme wa AC, nayo haiwaki mpaka injini ingurume. Taa ya namna hiyo hufifia kidogo injini inapozunguka polepole na kung'aa ukipiga resi, na hilo ni jambo la kawaida lisilohitaji kutengenezwa. Ukiipima, geuza mita kwenye AC, la sivyo utasoma namba isiyo na maana.

Hatua hii imefaulu ukiwa na sentensi moja iliyoandikwa, kwa mfano: "Taa ya mbele pekee huzima, injini ikiwa imewaka, usukani ukikatwa kushoto."

## Hatua ya 2: Ondoa shaka kuhusu betri na fyuzi

Pima betri baada ya pikipiki kupumzika. Betri nzuri iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.8. Ikiwa chini ya 12, ijaze kwanza, kwa kuwa vipimo vyote vitakavyofuata vitakuwa vya uongo. Kisha washa injini na upige resi ya wastani. Namba inatakiwa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, betri haichajiwi. Ikivuka 15, regulata, kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji, imeharibika, na hapo umepata sababu ya balbu kuungua kila wiki.

Tikisa vichwa vya betri kwa vidole. Kichwa kinachozunguka kwa mkono ni hitilafu tosha. Unapovifungua, toa hasi kwanza, na unapovirudisha, funga hasi mwisho, kwa sababu spana iliyo kwenye chanya ikigusa chasisi huku hasi ikiwa bado imefungwa itatoa cheche kali na inaweza kukuchoma.

Fyuzi ya kioo huweza kuonekana nzima huku waya wake umelegea ndani ya kofia ya chuma. Usiitazame tu; izungushe katika kibebeo chake taa za betri zikiwa zimewashwa. Kibebeo kilichoyeyuka au kuwa cheusi kibadilishwe. Onyo: usifunge karatasi ya sigara wala kipande cha waya badala ya fyuzi, hata kama ni kwa ajili ya kufika nyumbani tu. Hitilafu inayogusana na chasisi mara mojamoja itageuza fungu zima la nyaya kuwa kuni chini ya tangi la mafuta.

## Hatua ya 3: Ifanye hitilafu itokee

Hapa ndipo watu huharakisha, na hapa ndipo ningependa utumie nusu saa nzima bila kuona haya.

Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, mahali penye kivuli ili uone taa vizuri. Ikiwa taa inatumia umeme wa magneto, italazimu injini iwake. Weka gia kwenye nyutro na ufanye kazi hiyo nje, kwani moshi wa injini ndani ya kibanda kilichofungwa huua. Mtu mmoja atazame taa bila kupepesa macho; wewe ushike nyaya.

Anza mbali na mahali unapopashuku. Chukua fungu la nyaya kwa vidole viwili, lipinde taratibu, lisukume mbele na nyuma, kisha usogee kiasi cha upana wa kiganja. Piga kila konekta kidogo kwa mpini wa bisibisi. Kata usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia, kisha urudie ukiwa umekandamiza fungu la nyaya lililo nyuma ya taa. Mwenzako akisema "imezima", simama hapohapo, urudie mwendo huohuo mara tatu, na uweke alama ya chaki.

Kuna mahali pa kupapasa zaidi kuliko pengine, kutokana na jinsi pikipiki zetu zinavyotumika. Kishikio cha mwavuli hufungwa juu ya nyaya za swichi. Kiti kirefu kilichowekwa badala ya kile cha awali hukalia fungu la nyaya linaloenda nyuma, na abiria watatu wakipanda, huzima. Keria iliyochomelewa huacha ncha kali chini ya madigadi. Redio, chaja ya simu na taa za mapambo huchovywa kwenye waya wa taa ya nyuma kwa kusokotwa na tepu tu. Viungo hivyo vivute kimoja kimoja. Tukiongelea keria, ukichomelea chuma chochote kwenye chasisi, ondoa betri na uchomoe regulata kwanza.

Hitilafu ikikataa kutokea kavu, nyunyiza maji kidogo kwenye konekta moja, subiri dakika mbili, kisha nenda kwenye nyingine. Ukimwaga ndoo nzima utaizimisha taa bila kujua maji yaliingilia wapi. Ikiwa hutokea injini inapopata moto tu, endesha kwa dakika ishirini, kisha rudia jaribio la kutikisa kabla haijapoa.

Umefaulu ukiweza kuizima na kuiwasha taa upendavyo kwa kugusa mahali pamoja.

## Hatua ya 4: Balbu na soketi

Hili ni fupi. Toa balbu na uitikise karibu na sikio. Uzi uliokatika husikika au huonekana ukigusana na kuachana. Usishike kioo cha balbu ya halojeni kwa vidole, kwa kuwa mafuta ya ngozi huifanya ipasuke ikipata moto. Sugua kitako cha balbu na ulimi wa soketi kwa msasa, kisha ubonyeze ulimi huo kuona kama springi yake bado inasukuma. Soketi iliyolegea kwa joto haitengenezeki, nunua nyingine.

Indiketa zinazopepesa upesi kuliko kawaida upande mmoja tu humaanisha balbu moja ya upande huo haivuti umeme. Tafuta hiyo balbu kabla ya kulaumu kipepesi, kile kifaa kinachozipepesa indiketa.

## Hatua ya 5: Njia ya hasi

Kama ningeruhusiwa jaribio moja tu katika kazi hii, ningechagua hili. Funga kibanio kimoja cha waya wa kuruka kwenye hasi ya betri, na kingine kwenye waya wa hasi wa taa inayosumbua. Sasa rudia mtikiso uliokuwa ukiizima. Taa ikikataa kuzima, hitilafu iko upande wa hasi, na umeipata bila kukata waya wowote.

Thibitisha kwa mita: taa ikiwa imewashwa, weka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya taa. Unatakiwa kusoma chini ya volti 0.2. Kwa taa ya magneto geuza mita kwenye AC na ulinganishe na chasisi. Usidharau kiungo kibovu kinachoonekana kidogo: ukinzani wa omu moja tu kwenye njia ya balbu ya wati 35 huiachia takriban volti 9 na nusu, nayo huwa ya njano kama kibatari.

Fungua boliti inayoshikilia waya wa hasi kwenye chasisi. Kwangua rangi, kutu na matope hadi chuma cheupe kionekane, upande wa chasisi na upande wa pete ya waya. Funga kwa nguvu, ndipo upake vaselini juu. Ukiipaka kabla ya kufunga, unaweza kuacha utando kati ya vyuma viwili. Pikipiki zinazopita Ahero kwenye matope ya mashamba ya mpunga huhitaji kusafishwa hapa mara nyingi kuliko zile za lami.

Madigadi ya plastiki hayapitishi umeme. Mtu akibadilisha yale ya chuma kwa ya plastiki na kusahau kuvuta waya wa hasi hadi taa ya nyuma, taa itaendelea kuishi kwa kutegemea boliti moja yenye kutu.

## Hatua ya 6: Shingo ya usukani

Waya unaopita shingoni hupindwa maelfu ya mara kwa mwezi. Nyuzi za shaba hukatika moja baada ya nyingine ndani ya ganda la plastiki, na ganda lenyewe hubaki zima, laini na lenye kung'aa. Ndiyo sababu macho hayasaidii hapa.

Shika kila waya pande mbili za mpindo, uuvute polepole. Waya mzima hukataa. Waya uliokatika ndani hunyooka kama mpira, na mahali pale huwa pembamba. Ukishapata mmoja, wapime na majirani zake wote, kwa sababu wamepindwa idadi ileile ya mara.

Ili kuthibitisha, unganisha waya wa kuruka sambamba na ule unaoshukiwa, kutoka kabla ya mpindo hadi baada yake, kisha kata usukani kushoto na kulia. Taa ikitulia, umepata.

Sasa urekebishaji, ambao wengi huuharibu baada ya kuitafuta hitilafu vizuri. Usiunge mahali palipokatika. Toa kipande cha sentimita 20 hadi 30 chote, uweke waya mpya, na viungo viwili viangukie sehemu ambazo hazipindi. Waya uliolehemiwa huwa mgumu kama msumari, na ukilehemu kwenye mpindo, shaba itakatika tena pembeni mwa lehemu katika muda mfupi. Funika kila kiungo kwa mpira unaosinyaa kwa joto au tepu iliyovutwa vizuri, na viungo vya nyaya jirani visikae mahali pamoja. Acha ulegevu wa kutosha ili usukani ukikatwa hadi mwisho kusiwe na waya unaokazana, kisha funga fungu hilo kwenye chasisi mbali na tangi na mbali na kizuizi cha usukani.

## Hatua ya 7: Swichi na konekta

Kwa swichi ya usukani, washa taa na upime kati ya waya unaoingia na unaotoka. Zaidi ya volti 0.2 humaanisha vigusio vimeungua au vina vumbi. Upande wa Nakuru, ambako kiangazi huleta vumbi jepesi linalopenya kila tundu, hili huwapata wengi. Ifungue swichi ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, kwa maana kuna kijigololi na springi ndogo ambavyo vikiruka kwenye changarawe hutavipata tena. Nilijifunza hili nikiwa nimepiga magoti na tochi mdomoni.

Konekta yenye ukijani ndani isafishwe kwa dawa na mswaki. Angalia kila pini: ile iliyorudi nyuma hugusa leo na kuachana kesho, hata kama konekta imeingia hadi mwisho kwa mlio wake. Isukume kutoka nyuma hadi ishike. Tundu lililopanuka libanwe kidogo kwa koleo jembamba. Plastiki iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia inaonyesha joto, na joto linaonyesha mgusano mbaya, kwa hiyo isibaki.

Taa ya breki ina swichi mbili, ya mkono na ya mguu. Ikiwaka kwa breki moja tu, tatizo liko kwenye swichi ya ile nyingine. Ya mguu mara nyingi huhitaji kurekebishwa nati yake au kubadilishiwa springi iliyonyooka.

## Hatua ya 8: Jaribu kuiharibu tena

Taa kuwaka hakuthibitishi kitu, maana ilikuwa ikiwaka hata kabla hujaanza. Rudia hasa kile kilichoizima katika hatua ya 3: mtikiso uleule mara ishirini, usukani hadi mwisho pande zote, maji yaleyale mahali palepale, abiria wawili wakikalia kiti kwa nguvu. Pima tena hasi na swichi. Namba zote ziwe chini ya volti 0.2.

Kisha endesha kwenye murram kwa angalau robo saa injini ikiwa na moto, jua likiwa bado halijatua. Hapa kwetu giza huingia upesi baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, na jaribio lisifanywe gizani kwenye barabara yenye malori ya miwa yasiyokuwa na taa nyuma.

Ikizima tena, itazame kwa makini. Ikizima kwa mtindo uleule, ulitengeneza mahali pasipo penyewe. Ikizima kwa mtindo tofauti, una hitilafu ya pili, jambo la kawaida kwenye pikipiki iliyofanya kazi miaka kadhaa, nawe utarudi hatua ya 1 na karatasi mpya.

Mwishowe, chukua ile karatasi, andika rangi za nyaya ulizobadilisha na mahali viungo vipya vilipo, uifunge kwenye plastiki na uiweke chini ya kiti kando ya betri, ili fundi atakayefuata, ambaye huenda ukawa wewe mwenyewe mwaka ujao, asianze kwa kuuza balbu.